Nyumba Isiyosimamisha Chupa

Ninyi mnaokuja kusukwa kwangu pale Matonge, hapa Brussels, mmenichoka, najua. Kila asubuhi mteja ameshakaa kwenye kiti, kichana kiko mkononi, na mimi nimeinamia simu nangoja picha ya chupa. Maman Chantal wa kiti cha pili ameshatangazia saluni nzima kwamba nimepata bwana Uingereza. Hakuna bwana. Kuna chupa tupu ya soda iliyosimama kichwa chini, na kuna mjukuu wangu. Mmeniuliza mara nyingi kilichonipata huko, nami nimekuwa nikijibu kwa mkato, kwa sababu nikianza kusimulia mikono inatetemeka na misuko inakwenda upande. Basi nimekaa nyumbani Laeken nikaandika. Someni, kisha mniache nifanye kazi.

Kwanza habari ya chupa, kwa wale wasiotoka kwetu Bukavu. Ardhi ya kwetu hutetemeka. Nyumbani tulikuwa tunasimamisha chupa tupu mezani, mdomo chini, kitako juu. Ardhi ikijitikisa hata kidogo, chupa huanguka kabla mtu hajahisi kitu, na ukiisikia unabeba watoto unatoka nje. Hakuna kuuliza. Siku ya tetemeko kubwa chupa yetu ilianguka, nikambeba Neema, mtoto wangu wa pekee, nikatoka. Dada yangu Zawadi alikuwa anaishi jirani, kwenye nyumba mpya ya matofali ambayo sote tulikuwa tunaionea wivu. Alikuwa amelala, malaria imemshika. Ukuta ulimwangukia. Tangu siku hiyo silali ndani ya nyumba yoyote bila chupa, na hata hapa Laeken iko juu ya friji. Nichekeni tu.

Neema alikua, akaolewa na Daniel, mwalimu wa Kiingereza tuliyemzoea kanisani hapa Brussels, na akamfuata kwao Suffolk, Uingereza. Alipojifungua mtoto wa kike alimpa jina la Zawadi. Nilifurahi mpaka aliponitumia picha ya nyumba wanayokaa. Niliigeuza simu huku na huku nikidhani mpigaji ndiye aliyeinamisha mkono. Kumbe ni nyumba iliyoinama. Nikakata shauri moyoni: nitakwenda kumkanda mzazi kwa maji ya moto kama desturi yetu, na nikirudi nitarudi naye, yeye na mtoto, wakae kwangu mpaka Daniel apate nyumba iliyonyooka. Sikumwambia mtu.

Gare du Nord mpaka Calais

Basi lilichelewa kuondoka Gare du Nord, stesheni yetu ya Brussels, kwa sababu yangu. Dereva alifungua sehemu ya mizigo, harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, ikampiga usoni, akauliza kuna nini kwenye lile begi. Nikamtajia: ndagala, sombe ya majani ya muhogo, unga wa muhogo, vitenge, na chupa moja tupu. Alisema begi lile halitalala pamoja na mizigo ya watu. Nikasema basi litakaa na mimi. Abiria wa nyuma wakapiga kelele, na tulibishana mpaka mzee mmoja mwenye kofia aliposema kwamba yeye harufu ile inampa njaa, tuketi naye.

Huyo alikuwa Mzee Hamisi, Mrundi wa Bujumbura, anayeuza simu karibu na stesheni. Alikuwa anakwenda London kumwona kaka yake mgonjwa. Alitoa sambusa, mimi nikatoa mikate, tukala tukazungumza mpaka Ubelgiji ikaisha. Nikamweleza habari za ile nyumba na nia yangu.

"Binti yako anajua kama unakuja kumchukua?" aliniuliza.

"Atajua nikifika."

"Na mumewe?"

"Mume atapewa habari na mke wake."

Mzee Hamisi alitafuna sambusa yake. "Maman, wewe una roho ngumu," akasema. Laiti angejua. Roho yangu ilikuwa mkononi tangu asubuhi.

Calais tukapanga foleni kwa maafisa. Zamu yangu ilipofika, mwanamke mwenye sare aliyejua Kifaransa aliniuliza ninakwenda kufanya nini Uingereza. Hofu ilinishika, na mimi nikiogopa nasema ukweli wote kwa mkupuo. Nikamwambia binti yangu amejifungua, kwa hiyo ninakwenda kummwagia maji ya moto sana tumboni, kila siku, hata akilia. Yule mwanamke aliweka kalamu chini. Akamwita mwenzake, na mwenzake akamwita mwingine. Niliona nitarudishwa Brussels na mjukuu wangu ataachwa chini ya lile paa. Mzee Hamisi ndiye aliyejitokeza kutoka foleni ya pili, akaeleza taratibu kwamba ni taulo linalochovywa kwenye maji ya moto na mama anakandwa nalo, na kwamba kwao pia ndivyo wanavyofanya. Yule afisa alinitazama, akacheka kidogo, akagonga muhuri.

Chini ya bahari

Nilidhani tutapanda meli. Badala yake basi zima liliingizwa ndani ya behewa la treni, milango ikafungwa mbele na nyuma, na treni ikaingia chini ya bahari. Hakuna aliyeniambia jambo hilo mapema, na nawashukuru, maana nisingeondoka Laeken. Nilifikiria yale maji yote juu ya kichwa changu, na kwamba hata chupa ikianguka humu hakuna nje pa kutokea. Nikafumba macho.

Nilipoyafumbua nilimkuta Mzee Hamisi katika hali mbaya kuliko yangu. Midomo yake inasoma dua bila sauti, vidole vimeng'ang'ania kiti cha mbele, na kofia imelowa jasho. Nikamshika mkono. Nikamwambia nimeshapita hapa mara nyingi na ni salama kabisa. Ulikuwa uongo mtupu, lakini nilivyozidi kuusema ndivyo nilivyozidi kupumua. Tulipotoka kwenye mwanga aliniuliza, "Mara ngapi?" Nikamwambia hii ndiyo ya kwanza. Alinikasirikia mpaka tulipoanza kuona London.

Hata hivyo yeye na ndugu zake waliompokea kituoni hawakuniacha. Walinifikisha mpaka treni ya Suffolk, wakaninunulia mkate baridi wenye mayai baridi, wakanipungia mkono. Niliula ule mkate peke yangu nikitazama mashamba yaliyolala tambarare, bila kilima hata kimoja. Nilijiambia ardhi iliyolala hivi haiwezi kutetemeka, kisha nikajijibu kwamba nyumba iliyochoka haihitaji tetemeko.

Nyumba yenyewe

Daniel alinipokea stesheni, tukaingia mtaa mwembamba wa nyumba za zamani. Ya kwao ndiyo iliyoinama kuliko zote. Ni maboriti meusi ya mwaloni, mengine yamesimama, mengine yamelala, mengine yamekingama, na katikati yake wamejaza kuta zilizopakwa rangi ya waridi. Hakuna mstari ulionyooka hata mmoja. Ghorofa ya juu imetokeza mbele kupita ya chini, inaning'inia juu ya njia bila nguzo yoyote. Paa limebonyea katikati. Kitu kimoja tu kilinipa moyo, nacho ni dohani pana ya kutolea moshi, ya matofali mekundu, juu ya paa, imara, imenyooka. Nikasema angalau hapo walijenga.

Nilisimama ng'ambo ya njia, nikakataa kuvuka. Neema akatokea mlangoni na mtoto mikononi.

"Maman, ingia, mvua inakuya."

"Neema, hii nyumba iko inaanguka!"

"Iko inaanguka tangu siku mingi, maman. Haiyaanguka bado."

Nilipita chini ya ile ghorofa mbio, begi kichwani, na nilipoingia mlango nikajigonga paji la uso kwenye boriti. Hapo ndipo mama yake Daniel aliponiambia kwa Kifaransa cha shule nichunge kichwa. Anaitwa Margaret, mjane, mrefu na mwembamba. Amewaachia vijana nyumba, yeye mwenyewe anakaa chumba cha nyuma. Alinikumbatia, kisha kabla sijanywa hata maji akachukua chungwa, akaliweka sakafuni karibu na dirisha. Chungwa likaanza kutembea lenyewe. Likapita chini ya meza, likaongeza mwendo, likagonga ukuta wa upande wa pili. Margaret alipiga makofi kwa furaha. Mimi nywele zilinisisimka.

Juu, kitanda cha mtoto kilikuwa kimewekewa kabari za mbao chini ya miguu miwili ili asibingirike upande mmoja. Nilimbeba Zawadi, nikanusa utosi wake, nikaangalia boriti lililopita juu ya kitanda. Lilikuwa na ufa ambamo vidole vyangu vinaingia.

Nikaanza kutafuta mahali pa chupa. Dirishani ilianguka. Mezani ilianguka. Juu ya meko, jikoni, kwenye ngazi, kote ilianguka, na kila ilipoanguka niliutazama mlango. Nyumba nzima haina mahali pa kusimamisha chupa kwa kichwa! Margaret aliniona nikihangaika nayo, akanihurumia. Akaichukua, akaisuuza, akaijaza maji, akatia maua mawili ya bustani, akaiweka mezani kwa heshima. Ningesema nini? Nilishukuru.

Siku iliyofuata akanionyesha fahari ya nyumba. Sebuleni, katikati ya ukuta, kuna kidirisha cha kioo ambacho hakitazami nje bali ndani ya ukuta wenyewe. Nikainama nikaona fito zilizosukwa na udongo uliochanganywa na majani makavu. Neema akatafsiri kwamba humo mna samadi pia. Nikasahau adabu.

"Neema! Nilikutosha Bukavu, nikakusomesha Bruxelles, juu ukuye kulala mu nyumba ya udongo na mavi ya ngombe?"

"Maman, arrête."

"Siachi! Hii ni nyumba ya koko yangu kule Walungu! Na koko hakukuwa na franka ya kununua tofali!"

Neema hakutafsiri hayo ya bibi yangu. Margaret alikuwa anatabasamu, akingoja niseme ni nzuri. Nikasema ni nzuri.

Kazi niliyoijia niliifanya. Nilimkanda Neema asubuhi na jioni, nikampikia uji na sombe, nikamfunga tumbo kwa kitenge, rangi ikamrudi. Lakini mbao zilikuwa zinalia. Hita zikiwashwa zinalia, jua likitoka zinalia, mtu akipanda ngazi boriti la jikoni linamjibu. Sikuvua viatu ila kitandani. Na asubuhi moja, nikiwa nakamua taulo, nikayasema.

"Neema, mi nitarudia na weye na mutoto. Laeken."

Alijua ninamaanisha nini. "Maman, hapa ni kwangu. Daniel na mama yake banatupatia hii nyumba na roho yao yote. Mi sitoki."

"Na kama inaanguka?"

"Kama inaanguka, tutatoka."

"Zawadi hakutoka."

Alimtazama mtoto aliyelala, kisha akatazama boriti, na nikaona hofu yangu imehamia machoni pake. "Bon," akasema kwa sauti ndogo, "nitasema na Daniel." Nilipaswa kufurahi.

Upepo

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, upepo ukaja. Daniel alikuwa shuleni kwake. Neema alikuwa amelala juu. Mimi nimekaa sebuleni na mtoto mapajani, Margaret yuko jikoni.

Mwanzoni ulikuwa upepo tu. Halafu nyumba ikaanza kuitikia. Boriti la juu yangu lililia kwa sauti ndefu, la ngazini likalijibu, na sakafu ikasogea chini ya viatu vyangu. Siwadanganyi, ilisogea. Vumbi likadondoka kwenye blanketi la mtoto. Na hapo, mezani, chupa ikaanguka. Maua yakamwagika pamoja na maji, chupa ikabingirika mpaka ukutani kwa njia ile ile ya chungwa.

Chupa imeanguka. Hakuna kuuliza. "Neema! Toka! Neema!" Nilikuwa nimeshainuka, mtoto kifuani, nakimbilia mlango.

Margaret alifika kabla yangu. Alisimama mlangoni, mikono ameitandaza kwenye nguzo mbili, huku na huku.

"Non! Pas dehors! Pas dehors!"

Eti tusitoke nje. Nilimsukuma kwa bega. Nilimtukana kwa Kishi, lugha ya kwetu, matusi ambayo sikujua kama bado ninayo. Niliona huyu mwanamke yuko tayari kutuzika wote kwa ajili ya mbao zake. Hakubanduka. Alituzungushia mikono, mimi na mtoto, akatuvuta kwenye kona chini ya boriti nene, akatukumbatia pale kwa nguvu ambazo sikuzitegemea katika mwili ule. Na alikuwa anatetemeka. Niliuhisi moyo wake ukipiga mgongoni kwangu, haraka kama wangu. Ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu mpaka hapo nilidhani mwenye hofu humu ni mimi peke yangu.

Kisha nikasikia sauti ninayoijua. Niliisikia mara moja tu maishani na sikuisahau. Ni matofali. Yalianza juu, yakateremka juu ya paa kwa kishindo, yakamwagika mbele ya mlango. Sakafu ikadunda chini ya miguu yetu. Mtoto akalia. Margaret naye akasema kitu kwa lugha yake, kitu kifupi, labda jina la Mungu.

Neema aliteremka ngazi na kutukuta hivyo, bibi wawili tumeng'ang'aniana na mtoto katikati. Upepo ulipotulia Margaret alifungua mlango. Dohani, ile imara, ile iliyonyooka, ilikuwa imelala kwenye njia. Kigari cha mtoto, ambacho huwa tunakiacha pale chini ya ghorofa iliyotokeza, kilikuwa chini ya matofali. Gurudumu moja tu ndilo lililoonekana. Kilikuwa mahali pale pale ambapo mimi ningekuwa nimesimama na Zawadi.

Nilikaa chini sakafuni. Mbao zilikuwa bado zinalia, sasa polepole, nami kwa mara ya kwanza nikazisikiliza. Kila moja ilikuwa inasogea kidogo na kurudi mahali pake. Mbele yangu kilikuwa kile kidirisha cha ukutani, na ndani yake fito na udongo, hakuna hata kipande kilichobanduka. Nikamkumbuka koko, yule bibi yangu wa Walungu. Siku ya tetemeko nyumba yake ya fito iliyumba, ikamwaga udongo kidogo, ikabaki, naye akatoka nje analalamikia chungu kilichovunjika. Nyumba ya dada yangu ndiyo iliyoanguka. Miaka yote hii nilikuwa naogopa kilichoinama, na kilichomuua dada yangu kilikuwa kimenyooka. Nilimwambia Neema hivyo, kwa Kiswahili, na alipomtafsiria Margaret, yule mama alikaa sakafuni karibu yangu.

Kurudi Laeken

Msidhani hofu iliisha. Daniel aliita mafundi, wakasafisha matofali, wakaziba paa kwa turubai, na mimi kila boriti lilipolia bado nilishika kifua. Siku moja kabla ya safari Neema alinifuata jikoni.

"Maman, Daniel amekubali. Anasema kama unataka, tunaweza kuya Bruxelles na mutoto, tukae kwako mupaka utulie. Donc useme weye."

Nilikuwa nimeshinda, basi. Nilichotoka nacho Gare du Nord nilikuwa nimepewa mkononi. Na nilikitaka, wallahi nilikitaka. Niliwaza ukuta wangu wa Laeken, wa matofali, umenyooka, nami sijui hata aliyeujenga.

"Ubakie kwako, Neema," nikasema. "Ubakie mu nyumba yako."

Neema akamweleza Margaret habari ya chupa, ile ambayo yeye aliigeuza chombo cha maua. Yule mama akawa mwekundu mpaka masikioni. Akatoka, akarudi na kibao na kabari, ndugu za zile za kitanda cha mtoto. Tukapiga magoti wote wawili kwenye dirisha la sebuleni, lile la chini karibu na sakafu. Yeye anasukuma kabari, mimi nasimamisha chupa, chupa inaanguka, yeye anasukuma tena. Tulifanya kazi ile bila lugha mpaka chupa iliposimama kwa kichwa na sisi tukaogopa kupumua. Margaret akaipiga picha. Akaahidi kwamba kila asubuhi atanitumia, ili nijue usiku umepita salama.

Safari ya kurudi sina la kusimulia. Nilipita chini ya bahari nimefumba macho, nikila keki ya Margaret, mapaja yakiwa mepesi bila mtoto.

Ameitimiza ahadi yake tangu siku hiyo, yapata miezi minane sasa, na ndiyo mnayoniona nikiingoja saluni. Leo, nikiwa natafuta namna ya kumaliza maandishi haya, simu imelia kama kawaida. Nimefungua picha. Chupa imelala chini.

Sijui nimekaa hivyo muda gani. Nimeshindwa hata kubonyeza namba ya Neema. Nilimwacha humo kwa kinywa changu mwenyewe. Ubakie kwako, nilisema.

Kisha nikaitazama picha tena. Pembeni, kwenye ubao wa dirisha, kuna vidole vinne vinene vimeshikilia. Juu ya vidole kuna nywele nilizozinusa, na macho yanayomtazama mpiga picha kwa kiburi cha mtu aliyefanya kazi kubwa. Chini yake Margaret ameniandikia kwa Kifaransa chake cha shule: Zawadi amesimama.